Wakata Miti wa Gisenyi na Ijara ya Kuni

Msafiri ateremkaye kwenda Gisenyi kutoka Musanze, akiisha kupita Mahoko na kilima cha Nyundo, ambako wamisionari Wakatoliki walianzisha misheni yao mwaka 1901, huiona miti ya mji kabla hajaliona ziwa: mikaratusi iliyozipita paa za nyumba mara tatu au nne kwa kimo, migrevilea ya mipakani mwa mashamba, mijakaranda na miparachichi ya nyuani, mitende ya barabara ya ufukoni, na mahali pachache, adhimu kuliko yote, umuvumu wa kale, mti ambao katika Rwanda ya zamani ulizunguka maboma ya wafalme, ukaota mizizi na kuishi hata boma lenyewe lilipokwisha kuoza, ukawa ndio ushahidi uliosalia kwamba hapo palikaa enzi. Ziwa Kivu lina wasifu wake na halihitaji mwingine; lakini mji huu, ulio kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, wenye jua kali la adhuhuri na upepo wa ghafula wa alasiri, haungekalika kwa raha lau si kivuli, na kivuli chenyewe hakidumu kwa kuachwa tu. Kina watu wanaokitunza, nao hawatajwi.

Nazungumza juu ya wakata miti. Si wale waendao msituni kufyeka, wala wachoma makaa wa milimani, bali mafundi wa mjini ambao amali yao ni kuukwea mti uliosimama baina ya nyumba mbili, ukuta na waya wa umeme, wakaupogoa au wakaushusha kipande kwa kipande pasipo kuvunja hata kigae kimoja. Hawana chuo walichosomea. Mmoja alianza kwa kupasua mbao, mwingine kwa kuchuma maparachichi ya watu, wa tatu huvuka kila asubuhi kutoka Goma, mji jirani wa Kongo, kwa ule mpaka mdogo ambao maelfu ya wachuuzi huupita kwa miguu, na wakutanapo lugha yao ni Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda na vipande vya Kifaransa. Kundi nililofuatana nalo wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai, lina kiongozi ambaye wenziwe humwita Mzee ijapokuwa hajatimiza miaka 60, na ambaye aliniruhusu kuyaandika maneno yake kwa sharti nisiliandike jina lake.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni kwamba kazi ya mti huanzia chini. Kabla mtu hajagusa kamba, Mzee huuzunguka mti polepole, kiganja kimoja kikipapasa gome, akitazama mambo ambayo mpita njia hayatazami. Uyoga mgumu uliochomoza kwenye tako la mti ni habari kwamba mizizi au moyo wa shina umeanza kuoza, hata majani yakiwa mabichi na ya kupendeza. Ufa wa udongo upande ulio kinyume na mti unakoinamia ni habari mbaya zaidi, maana ni mizizi inayong'oka. Mahali pengi hapa, kama ilivyo Goma, mwamba wa lava ya kale uko karibu na uso wa ardhi, na mzizi usioweza kushuka hutanda, ukaushikilia mti kwa upana badala ya kina. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ya Goma na ya wilaya hii ya Rubavu ikatetemeka siku kadhaa mfululizo hata barabara na kuta za nyumba zikapasuka, Mzee hakwei mti wowote wenye umri pasipo kuutazama udongo wake kwanza, tena kwa kupiga magoti.

Kisha hugonga. Kwa mgongo wa shoka huligonga shina toka chini hata kimo cha mkono wake, akisikiliza, na pale sauti inapobadilika kutoka kavu kuwa nzito hutia alama ya chaki. Mwisho hutazama juu, kwenye panda. Matagaa mawili yaliyoachana kwa nafasi pana, alinieleza, yameshikana kwa mbao. Yale yaliyobanana, gome likaingia katikati yao, yameshikana kwa gome tu, na gome halishiki kitu. Nimeishi miaka mingi chini ya miti ya namna hiyo nisijue, na naamini wasomaji wengi wa makala haya, wakitoka uani sasa hivi na kutazama juu, wataona panda la namna hiyo likining'inia juu ya paa au juu ya mahali wanapocheza watoto.

Kamba ndiyo mali yao iliyo ghali kuliko zote, na msumeno wa mnyororo waja baada yake. Kila alfajiri hukunjuliwa yote juu ya turubai, ikapitishwa vidoleni pima kwa pima, kutafuta uzi uliokatika, mahali palipobabuka kwa moto wa msuguano, au ugumu usio wa kawaida. Ile ya mkonge, ambayo siku hizi hutumika kufungia mizigo tu, huoza kwa ndani hali nje ingali nzima, na njia ya kuijua ni kuzisokotoa nyuzi zake na kuchungulia katikati: ukikuta vumbi, ikatwe iwe ya kufungia mbuzi. Asubuhi moja mshika kamba, mtu mnene mpole ambaye kazi yake yote hufanyika ardhini, alikuwa akiipitisha kamba vidoleni huku akilalamika.

"Mke wangu," akasema, "nikirudi jioni huuliza kwanza kama kamba imerudi salama."

"Ana haki," akajibu yule kijana wa Goma, akijifunga mkanda kiunoni. "Kamba ilinunuliwa. Wewe alikupata bure."

"Sikupatikana bure hata kidogo. Nilitoa ng'ombe."

"Basi aliyepata hasara ni ng'ombe," akasema Mzee pasipo kuinua macho kutoka kwenye tupa aliyokuwa akinolea mnyororo, na wote wakacheka hata mwenye nyumba akafungua dirisha.

Maskhara hayo si upuuzi, wala si ya kupotezea wakati. Nimeyasikiliza kwa makini, nikaona kwamba karibu kila utani wao umefungwa na jambo la usalama: anayetaniwa kwa ulafi ndiye aliyesahau jana kumaliza fundo kwa sababu sufuria ya maharage ilifunuliwa, anayeitwa bwana harusi ndiye aliyekuja kazini na viatu vyenye soli laini. Mtu mzima hakubali kukaripiwa mbele ya wenziwe, lakini hukubali kutaniwa, na akisha kutaniwa mara moja harudii. "Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," huambiwa kila chipukizi wa kazi hii anayeparamia haraka ili aonekane shujaa, kisha huachwa kule juu dakika chache akifikiri njia ya kuteremkia, mpaka aikiri hofu yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo ndipo hufundishwa.

Kamba inapokaza, utani hukoma. Amri ni tatu, nazo hutolewa kwa Kinyarwanda kila mara ili asiwepo mtu wa kusitasita: fata, yaani shika, rekura, yaani achia, kurura, yaani vuta. Sauti inayotoa amri ni moja tu, ya aliye juu, na mwenye nyumba anayethubutu kupaza sauti yake kutoka barazani, kwa nia njema ya kusaidia, huombwa kwa adabu aingie ndani. Kijana hujining'iniza kwa kijikamba chembamba kilichozungushwa mara tatu juu ya kamba kuu, ambacho huteleza kikisukumwa kwa vidole na kuuma kikibebeshwa uzito. Wakwea milima hulitaja fundo hilo kwa jina la Karl Prusik, Mwaustria aliyelieleza mwaka 1931. Kamba ya pili ni ya tanzu linalokatwa. Hupitishwa juu ya panda madhubuti, ikateremka na kuzungushwa mara mbili au tatu kwenye shina la mti mwingine, na msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaomwezesha mshika kamba mmoja kuteremsha gogo lenye uzito kumpita yeye maradufu. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na mshika kamba wetu, ambaye hapendi kutoa jasho bila sababu, ndiye msomi wa methali hiyo.

Sasa nifike kwenye mkato wenyewe, ambao ndio kiini cha sanaa yao, na ambao nataka msomaji auelewe hata kama hatashika msumeno maishani mwake, maana siku moja atamlipa mtu amfanyie. Tanzu zito likikatwa toka juu kwa mkato mmoja, kabla msumeno haujamaliza huanza kuinama kwa uzito wake, likavunjika na kulichuna gome la shina kwenda chini, pengine dhiraa nzima, na jeraha la namna hiyo mti huchukua miaka mingi kulifunika, au haulifuniki kamwe. Kwa hiyo mikato ni mitatu. Wa kwanza hutoka chini kwenda juu, umbali wa zaidi ya shibiri moja kutoka shinani, ukaingia robo au thuluthi ya unene wa tanzu. Wa pili hutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tanzu linapokatika, mchuno wa gome hukomea kwenye ule mkato wa chini, usifike shinani. Wa tatu huondoa kibutu kilichobaki, na hapo ndipo ulipo ustadi wote.

Pale tanzu linapotokea shinani pana uvimbe mdogo wa gome lenye mikunjo, ambao Mzee huuita shingo. Mkato sharti upite nje tu ya shingo hiyo, usiipunguze wala usiache kibutu mbele yake. Mtu akikata sambamba na shina, kwa kudhani kwamba laini ndiyo safi, ameiondoa nyama ambayo ingelifunika jeraha. Akiacha kibutu cha shibiri nzima, kitakufa, kitaoza, na uozo utaingia mtini kwa njia hiyo. Mzee alinipeleka kwenye mjakaranda aliokuwa ameukata yeye mwenyewe miaka iliyopita, akaniwekea kidole changu juu ya kovu: pete kamili ya gome jipya, mviringo, nyororo, iliyokuwa imekaribia kujifunga katikati. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mti mwingine, kazi ya mtu mwingine, wenye kibutu cheusi ambacho kidole kilizama ndani yake pasipo nguvu.

Nilimwuliza aliyajulia wapi hayo. Akasema alipokuwa kijana mpasua mbao, kila gogo alilolipasua kwa urefu lilimwonyesha historia ya matawi yake: mahali palipokatwa vibaya, doa jeusi lilikimbia ndani ya ubao kwa dhiraa nyingi, na ubao ukawa hauuziki; mahali palipokatwa vizuri, doa lilikuwa dogo, limefungiwa, na mbao safi zimekua juu yake. Jibu hilo lilinistaajabisha kwa sababu ninayoieleza sasa. Huko Marekani, mtaalamu wa idara ya misitu aitwaye Alex Shigo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2006, alipata umaarufu kwa kuyapasua maelfu ya miti kwa urefu kwa msumeno wa mnyororo na kuchunguza madoa hayo hayo, na kutoka mwaka 1977 akatangaza kwamba mti hauponi kama mwili wa binadamu uponavyo: hauitengenezi upya nyama iliyooza, bali huuzingira uozo kwa kuta zake, ukaendelea kukua nje yake. Mafundisho yake yaliwapindua mafundi wa Ulaya na Marekani, ambao kwa vizazi walikuwa wakikata sambamba na shina na kuyapaka majeraha rangi au lami kwa kudhani ni dawa. Mzee hakupata kulisikia jina la Shigo. Walisoma kitabu kimoja, mmoja kwa msumeno wa injini na mwingine kwa msumeno wa watu wawili, na ambaye hana cheti ni mmoja tu kati yao.

Mitende ina sheria mbali. Haina matanzu wala shingo, uhai wake wote umo katika kilele kimoja, na shina lake likitobolewa tundu halifungiki milele. Ndiyo maana wakwezi wa minazi wa mwambao wetu wa Bahari Hindi, ambao wengine huchonga vidato vya kukanyagia, huiacha minazi yao na makovu ya vidato hivyo mpaka mwisho wa umri wake. Katika mitende ya ufukoni hapa Gisenyi, Mzee huondoa makuti makavu na yale yaliyolegea kuelekea chini, wala hagusi yaliyosimama, na hupanda kwa ngazi na kamba, si kwa vyuma vya miguuni. Vyuma hivyo, asema, ni vya mti uliokwisha kuhukumiwa.

Na miti ya kuhukumiwa ipo. Mkaratusi uliokufa juu ya paa hauna dua itakayouokoa, na mahali palipo na nafasi huangushwa mzima kwa utaratibu ambao hauruhusu papara: upande wa maangukio hutolewa kabari ya mbao kwa mikato miwili, upande wa nyuma, juu kidogo ya mkato wa mbele, huingizwa msumeno, usifike mwisho, bali ubakishe ukanda usiokatwa, kiasi cha sehemu 1 katika 10 za unene wa shina, uwe bawaba ya kuuongoza mti unapolala. Njia ya kukimbilia husafishwa kabla, nayo si nyuma moja kwa moja, kwa kuwa shina hurusha teke, bali kwa mshazari. Mti ulioinama sana huogopwa kuliko wote, maana waweza kupasuka wima kabla mkato haujaisha, na nusu ya shina ikaruka juu kwa nguvu ya kumwua mtu. Nilipotaka kujua kama amewahi kuliona jambo hilo, Mzee alisema "Ndiyo," akaendelea kunoa, na hakuna aliyetania.

Radi haina mjadala. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Na watu wa Gisenyi hawakungoja satelaiti. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kwa mbali sana, wote hushuka, na tanzu lililokatwa nusu huachwa limefungwa kamba hata kesho yake.

Nimekawia kufika kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya niandike, nalo ni ijara. Desturi ya mji huu, na ya miji mingi ya nchi zetu, ni kwamba mwenye mti hutoa fedha kidogo au hatoi kabisa, na fundi hujilipa kwa kuni. Wenye nyumba huiona kuwa ni biashara njema: mti umepunguzwa, uwanja umefagiliwa, na mfuko haukuguswa. Lakini hebu tufikiri kuni hizo zina thamani gani hapa. Magogo manene huenda kuwa makaa, na makaa yana wanunuzi Gisenyi na Goma kila siku ya Mungu. Miti mirefu iliyonyooka ya mikaratusi hutafutwa na wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, ambao huunganisha mitumbwi mitatu kwa boriti ndefu na kwenda kuvua usiku kwa taa. Fito huenda kwa wajenzi. Hata vijiti vya migrevilea vina soko, kwa maana wakulima wa Bugoyi, eneo linalouzunguka mji huu, hupanda maharage yanayotambaa, na shamba la hekta 1 lahitaji makumi ya maelfu ya vijiti vya kuyaegemeza. Hakuna kipande cha mti kinachotupwa Rubavu.

Basi fundi anayelipwa kwa kuni hukata kile chenye bei, si kile chenye ugonjwa. Tanzu lililokufa ni jepesi, halina faida, naye huliacha. Tagaa zima, lenye afya, nene, ndilo ujira wake, naye hulitoa. Akiambiwa akate kilele chote cha mti, hufurahi, kwa kuwa hakuna mkato unaoshusha kuni nyingi kwa muda mfupi kama huo, na mwenye nyumba naye hufurahi, akidhani kwamba mti mfupi ndio mti salama. Sivyo. Mti uliokatwa kichwa hutoa kwa pupa machipukizi mengi marefu, ambayo hayakutoka ndani ya mbao bali yameshikamana na ngozi ya juu tu, na chini yao kibutu kikubwa kinaoza; baada ya miaka michache machipukizi yamekuwa matagaa, mazito, yasiyo na mshiko, na upepo wa ziwa huyaangusha juu ya paa lile lile lililokusudiwa kulindwa. Baada ya matetemeko ya 2021, Mzee asema, aliitwa mara nyingi kukata vilele, na mara nyingi alikataa, na mara nyingi mwenye nyumba alimwita mtu mwingine mchana ule ule.

Wilaya hii yajua gharama ya shoka lisilo na kipimo. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970, ulibaki na hekta 600 hivi mwanzoni mwa karne hii, kabla haujaanza kurudishwa na kuunganishwa na msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa. Na usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua iliponyesha juu ya milima iliyo wazi na mto Sebeya ukafurika, watu zaidi ya 130 walikufa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizolia sana. Sisemi kwamba mjakaranda mmoja wa uani ungeuzuia mto. Nasema kwamba nchi ambayo kila mwezi hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na mara nyingi ukawa wa kupanda miche, yapaswa kuwatazama kwa heshima ile ile wale wanaoufanya mche wa jana uishi miaka 100. Udongo uwahi ungali maji: mti ukipogolewa ungali mchanga, ukaachiwa kiongozi mmoja na matanzu yaliyopangika, kazi yake ni ya mtu mmoja na mkasi kwa nusu saa, ukiachwa hata uzee, kazi hiyo hiyo ni ya watu watano, kamba mbili na roho mikononi.

Na roho zao zina thamani gani katika hesabu zetu? Zanzibar, ambako uchumaji wa karafuu huwapandisha watu mikarafuuni kila msimu, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, hutoa fidia kwa waangukao mikarafuu, kwa kuwa visiwa hivyo vilitambua zamani kwamba mali yao yachumwa na watu walio hewani. Hapa bima ya afya ya mutuweli humtibu fundi aliyeanguka, nalo ni jambo la kushukuriwa, lakini hailipi karo ya watoto wala unga kwa miezi ambayo mguu umo ndani ya plasta. Mshika kamba wetu na wenzake huweka faranga chache za kila kazi katika kibindo cha pamoja. Kibindo hicho kimekwisha kutumika mara mbili. Ningependa kuona wenye hoteli, makanisa, misikiti, shule na ofisi, ambao miti yao ni mikubwa kuliko yote mjini, wanaandikiana na mafundi hawa mikataba ya mwaka mzima, kazi ifanyike wakati wa kiangazi kabla ya mvua za Septemba, na ada ya bima iwemo ndani ya bei. Si jambo kubwa. Ni hesabu ya ukurasa mmoja.

Tulipokuwa tukirudi kwa njia ya chini ya kilima cha Rubavu, mama mmoja alimsimamisha Mzee langoni kwake, akamwonyesha mjakaranda uliotanda juu ya nyumba.

"Shikamoo, Mzee. Nataka uukate hapa," akasema, akiweka mkono usawa wa paa.

"Marahaba, Mama. Nikikata hapo, mwaka wa tatu utaniita tena, nawe utakuwa na hasira." Akauzunguka mti, akagonga, akatazama juu kwa muda mrefu. "Nitatoa matagaa matatu. Lile lililokufa, lile linalosugua bati, na lile lililobanana pandani. Mengine yakae."

"Na kuni utachukua. Yule wa mwaka juzi alichukua kuni, hatukulipana."

"Yule wa mwaka juzi ndiye aliyekuachia vibutu hivi, Mama. Mimi nipe fedha ya siku moja kwa watu wanne. Kuni zote ni zako."

"Hata yale magogo manene?"

"Hata manene. Na vijiti tutavipanga ukutani, vikufae kwa maharage."

Wakabishana juu ya fedha kwa robo saa, kwa adabu na kwa ukaidi. Mzee alishuka bei mara mbili, lakini kila mama alipozirudisha kuni katika mazungumzo alizitoa. Mwisho mama akauliza siku.

"Jumanne, saa 1 asubuhi, kabla upepo haujaamka," akasema Mzee. "Na yule mbuzi, Mama, umfunge nyuma ya nyumba."